Meza Iliyogawanywa kwa Haki

Kidole kimoja huvunja chawa vizuri tu. Vidole kumi vikiitwa kamati ndivyo humwacha akazaa.

Mwalimu Naftaly Gathogo alikuwa kidole kimoja. Alifundisha useremala katika chuo chetu hapa Nakuru miaka thelathini, na katikati ya karakana yake palikuwa na meza ya futi kumi na nne, ya mbao alizozitoa kwao Elburgon. Saa nne asubuhi alichemsha chai kwenye jiko la maranda. Kikombe kilikuwa na sharti: ulete kitu kilichokushinda darasani, na usiketi kando ya mtu wa idara yako. Nikiwa mwanafunzi wa uchoraji ramani za majengo, nilileta mchoro wa ngazi iliyokataa kukunja kona. Jelagat wa ushonaji alinikunjia kitambaa mara mbili, nikaiona njia.

Chuo kilipoamua kujenga ukumbi wa idara zote kusomea pamoja, niliitwa niuchore. Niliuchora kuizunguka meza ile, bila ukuta wa ndani hata mmoja. Nikaipeleka ramani nyumbani kwake, mtaa wa Section 58, ambako vumbi la mbao la miaka yote hiyo lilikuwa limemlaza Mwalimu na kumbana pumzi. Aliipapasa kwa kidole.

"Meza itapita mlangoni?"

"Mlango nimeupima kwa ajili yake."

"Niahidi."

Nikaahidi.

Kamati ilikutana mara kumi na moja. Watu wa umeme walitaka kona yao, vifaa visiguswe. Wa ushonaji wakasema kama umeme wana kona, nao wapewe. Uuguzi wakataka kufuli. Useremala nao hawakukubali kubaki nje. Nilipopinga, mwenyekiti Kipkirui alicheka. "Msichana, wewe chora. Kushirikiana tuachie sisi."

Mwishowe ukumbi ukawa vyumba vinne vyenye milango myembamba. Meza haikupita. Wakaikata kwa msumeno vipande vinne, kila idara ikachukua chake, wakapongezana kwamba wamegawa kwa haki.

Alasiri hiyo nilifika kwa Mwalimu na unga wa meza yake kwenye viatu vyangu.

"Imepita?"

"Imepita, Mwalimu."

"Haikukwaruzwa?"

"Hata kidogo."

Akafumba macho kwa raha, akamwambia mkewe, Mama Rahab, anitilie chai. Nilikuwa na kitu kilichonishinda, kikubwa kuliko ngazi. Sikukitoa. Nilikunywa chai yake bila kutimiza sharti.

Mwalimu tulimzika kwao Elburgon siku ya Alhamisi. Ijumaa ukumbi ukafunguliwa, wanafunzi wa umeme wakiketi na wa umeme, wa uuguzi na wa uuguzi. Nikaombwa niwaeleze wageni ramani. Nikawaeleza. Kwamba hizo kuta si zangu, na kwamba vile vibao vinne ni meza ya mtu tuliyemfukia jana, aliyekufa akiamini ni nzima kwa sababu nilimdanganya. Hakuna aliyepiga makofi.

Jumatatu naibu mkuu wa chuo, Madam Chepchumba, aliniita ofisini kwake akafunga mlango taratibu. Alinieleza kwamba Kipkirui ameaibika mbele ya wageni, na bila barua sitachorea chuo hiki tena hata choo. Alikuwa na macho mekundu. Naye aliwahi kunywa chai ile.

"Lynn, mami, mistari miwili tu. Uombe radhi yaishe."

"Radhi nimeiomba Elburgon, Madam. Niliyemwomba hakunisikia."

"Na kamati?"

"Kamati siiombi."