Mkwe Aliyegeuza Uso

Maximilla alisema hapandi. Alisema kwa Kiswahili, akarudia kwa Kirundi, na kama angekijua Kifaransa angekiongeza. Ndege yenyewe ilikuwa imekalia maji pale Kigoma juu ya viatu viwili virefu vya bati, inayumbayumba. Ndege gani hiyo inayoelea?

"Immakulata, mimi nalima zangu Busunzu, sijawahi kudondoka kutoka juu. Kwa nini nianze leo nina wajukuu?"

Mdogo wake alicheka mpaka akashika kiuno. Immakulata alichukuliwa kwenye kambi ya wakimbizi kwenda Kanada akiwa msichana, na sasa alikuwa amerudi mtu mzima, miwani usoni, na neno moja tu mdomoni: kupumzika. Tangu walipokimbia Burundi, yeye mtoto mdogo mgongoni kwa dada yake, hawakuwahi kukaa mahali wawili tu, bila mgonjwa, bila msiba, bila mtoto wa mtu analia. Basi akaulizia huku na huku akapata kisiwa kwenye ziwa moja katikati ya hifadhi, mashariki ya Kibondo, mahali ambapo gari halifiki, unakwenda kwa ndege ya maji tu. Walale hemani, watazame wanyama, wale bila kupika.

"Da Maksi, toka nizaliwe unanihangaikia wewe. Hebu na mimi nikuhangaikie siku chache."

Utamjibu nini mtu kama huyo? Alipanda, amefumba macho, rozari mkononi.

Alifumbua walipokuwa juu ya Kasulu, kwa sababu rubani, kijana wa Tanga aitwaye Lukmani, alikuwa anapiga domo tangu waondoke na sauti yake haikuwa ya mtu anayekaribia kufa. Chini vilima vilikuwa vimekatwakatwa mashamba, mihogo, migomba, mabati yanang'aa. Maximilla akakodoa macho kutafuta Rungwe Mpya, alikoolewa mwanawe wa pekee, Ndayikunda.

"Mkwe wako hajambo?" akauliza Immakulata. "Bado sijamwona huyo mtu."

"Harerimana? Yuko machimboni Geita. Lakini hata angekuwepo, mimi mwenyewe namjua kisogo kuliko uso."

Wakacheka wote wawili, maana walijua maana yake. Kwao mwanamume hamtazami mama mkwe wake usoni. Hali naye, hakai naye chumba kimoja, na wakikutana njiani ni yeye anayeingia majanini, akageuza uso mpaka mama apite. Vijana wa siku hizi wanafanya nusunusu, wengine wanampungia mama mkwe mkono kama rafiki yao wa mpira. Harerimana, mkwe wake, hakuwa hivyo. Maximilla akija kumwona mwanawe, mkwe anatokea mlango wa nyuma na kofia mkononi. Majirani walimsifu mpaka basi, na Maximilla alivimba kichwa kwa sifa hizo. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Lakini nani aliyewahi kumpasua mkwe aone ndani?

Walipita Kibondo, mashamba yakaisha, yakabaki mapori na matete yasiyo na mwisho. Walipokaribia kisiwa, Lukmani alishusha ndege wawaone viboko. Badala ya viboko waliona moshi. Kulikuwa na uwazi kwenye matete, vichanja vimejaa nyama, na kando ya mzoga mkubwa wanaume wakitimua mbio kujificha. Immakulata alikuwa na simu dirishani, anarekodi kila kitu, anashangilia, mpaka alipoona Lukmani amenyamaza.

"Majangili," alisema rubani. "Zile pale ni pembe za ndovu. Hiyo video usiifute, mama. Redio huku haishiki, kesho nikirudi Kigoma naipeleka mwenyewe."

Kisiwani walipokewa na Badru, mlinzi wa kambi na mpishi huyo huyo, mtu mfupi mwenye bunduki kuukuu na mkono mzuri wa pilau. Jioni ile Maximilla alikula akashiba, akanawishwa mikono kama bibi harusi, akacheka hadithi za Kanada za watu wanaowavalisha mbwa makoti. Alisema moyoni, kumbe raha ni hivi. Immakulata alilala amemwegemea kitanda kimoja, ingawa vitanda vilikuwa viwili.

Asubuhi Badru alikuwa anapuliza moto wa chai, bunduki yake begani. Ukasikika mlio mmoja, pa! Maximilla alidhani ni ukuni umepasuka. Akatazama, akaona Badru amekaa chini, mikono miwili shingoni, damu inachuruzika kati ya vidole, macho yanauliza swali. Kisha akaangukia moto. Birika likapinduka, na nguo zake zikaanza kuwaka.

"Mawe we!" alipiga ukelele Maximilla, akimwita mama kwa Kirundi.

Walitokea kwenye matete, wawili, mtumbwi wameuacha nyuma yao. Wamefunga nyuso kwa vitambaa. Wa mbele, mnene, alikuwa na bunduki. Wa nyuma, mrefu, alikuwa na panga. Lukmani, aliyekuwa majini hadi magoti akikagua ndege, alijaribu kupanda. Yule mrefu alimfikia akamtia panga la bega, akaanguka kwenye maji ya pembeni, na maji yakawa mekundu. Akapigwa la pili mgongoni. Hakuinuka tena, wakamwacha.

"Simu!" mnene alikuwa anabweka. "Iko wapi simu iliyotupiga picha?"

Immakulata alitoka hemani na simu mikononi. "Chukua. Chukua kaka, chukua yote."

Alimnyang'anya, akaitia majini, kisha akampiga kitako cha bunduki mdomoni. Meno yalitoka. Immakulata akaanguka kifudifudi mchangani, miwani imevunjika, na yule mtu akamwekea mguu shingoni.

"Simu haina macho, macho mnayo nyinyi." Akamgeukia yule mrefu. "Wewe, huyo bibi mwingine yuko nyuma ya hema. Nenda kammalize, tuondoke."

Ni kweli, Maximilla alikuwa nyuma ya hema. Alikimbilia huko bila kujua anakimbilia nini, akakuta rundo la kuni za Badru na shoka lake. Kati ya hema na miiba palikuwa na kinjia cha mtu mmoja. Alipogeuka, yule mrefu alikuwa ameshaingia kwenye kinjia hicho, panga limelowa.

Wakaonana. Na yule mtu akasimama.

Kisha akafanya kitu. Alishusha panga, akatoka njiani, akaingia kwenye miiba kwa miguu mitupu, akageuza uso upande wa maji. Akampa njia.

Hakufikiri, jamani. Angefikiri asingefanya. Mwili wake ulifanya wenyewe kile ulichofundishwa tangu siku ya posa. Maximilla akatazama kisogo kile, kovu dogo chini ya nywele, masikio yaliyochomoza. Kisogo hicho alikuwa amekiona kikitoka mlango wa nyuma mwaka hadi mwaka.

Geita! Machimbo! Hasira ilimpanda kabla ya woga.

"Baba Niyubahwe," alisema, kwa jina la mjukuu wake, maana jina la mkwe halitajwi mbele yake. "Ni wewe."

Mabega ya mtu yule yaliruka. Hakugeuka. "Mabukwe," alisema kwa sauti ya chini, yaani mama mkwe, "unafanya nini huku? Kwa nini hukukaa nyumbani kwako?"

"Mimi ndiye wa kuulizwa?"

"Vipi huko?" aliita mnene. Akachungulia, akawaona wamesimama hivyo, mmoja amempa mwenzake kisogo, akaelewa upesi kuliko mtu alivyotarajia. Akaangua kicheko. "Mama mkwe! Haki ya Mungu, leo kali. Basi mwenzake njoo umchinje wewe, na huyo mkweo nitampiga risasi mimi, usije ukavunja adabu."

Akamkokota Immakulata kwa nywele hadi ukingoni mwa maji, akamtupa. Akarudi nyuma hatua chache, bunduki kwapani, apate nafasi ya kutazama. Kucheka kwake ndiko kulikomponza. Lukmani hakuwa amekufa. Alikuwa ametambaa kwa mkono mmoja kupitia nyuma ya moto, mpaka kwenye mwili wa Badru, na bunduki kuukuu ilikuwa chini ya mwili huo. Akaipachika juu ya mgongo wa maiti akafyatua. Risasi iliingia tumboni kwa mnene. Alikaa chini, akatukana, akajaribu kuinua yake, na Lukmani akafyatua tena, mara hii ya uso. Kisha rubani naye akalala, bunduki ikamponyoka.

Hapo ndipo mambo yangeweza kwisha. Maximilla alidhani yamekwisha, na alishatoka kwenye kinjia, na shoka mkononi hata hakumbuki alilichukua saa ngapi.

"Harerimana," alisema, na sasa akalitaja jina, mwiko ule akaukanyaga. "Tupa panga. Ingia kwenye mtumbwi, nenda. Nenda mbali. Sijakuona."

Mkwe wake alikuwa ameshatoka kwenye miiba, amesimama juu ya Immakulata. Alikivuta kitambaa, akapumua. Bado alitazama pembeni, matete, maji, popote lakini si kwa Maximilla. Alikuwa analia.

"Wewe hutasema, mabukwe, najua. Utamwonea huruma mwanao. Huyu je? Huyu anaonekana mtu wa Ulaya, atasema. Na yule rubani atasema. Nitanyongwa mimi. Ndayikunda ana mimba, unajua?"

"Sijui. Hakuniambia."

"Ana mimba. Nani atawalisha?"

"Huyo ni mdogo wangu, tumbo moja. Kama mimi ni mabukwe, na yeye ni mabukwe."

"Simjui," alisema Harerimana. "Mimi simjui huyu."

Akamshushia panga. Immakulata alikinga kwa mkono, na vidole viwili vikaruka mchangani. Alipiga kelele ambayo Maximilla aliwahi kuisikia mara moja tu maishani, porini, usiku wa kuvuka mpaka, naye akaiziba kwa kiganja wasisikike. Safari hii hakuiziba. Harerimana aliinua panga tena, juu zaidi.

Maximilla alikuwa upande wake wa kulia, karibu kabisa. Mtu yeyote mwingine angemwona akija. Angegeuza kichwa kidogo tu angeliona shoka. Lakini mkwe mwenye adabu hamtazami mama mkwe wake, na Harerimana, hata pale, hata akiua, hakumtazama.

Alimpiga chini ya nywele, penye lile kovu. Mfupa ulitoa sauti ya boga. Alipiga tena alipokuwa anaanguka, na tena alipokuwa ameshaanguka, na kila pigo alikuwa anamtukana, mwongo wewe, mwongo wewe, mpaka Immakulata akamshika mguu kwa mkono uliobaki mzima na kusema, "Dada basi. Basi. Kafa."

Lukmani alipona. Mungu mkubwa. Kampuni yake ilipoona hajarudi ilituma ndege nyingine, wakakutwa wote watatu wamejikunyata chini ya bawa, Immakulata amefungwa mkono kwa kitenge, rubani kichwa mapajani kwa Maximilla. Hospitalini, kabla polisi hawajaingia, aliwaita kitandani.

"Mama," alisema Lukmani, "mimi nimeshaua mmoja. Wawili hawanizidishii kitu. Nitasema yule wa panga nilimpiga shoka mimi. Wewe una binti."

Immakulata akadakia, midomo imeshonwa, maneno yanatoka nusu: "Kubali, dada. Ndayikunda asijue milele. Utampoteza." Maximilla alilia, akakubali. Sema kweli, ungekuwa wewe ungekataa?

Walimzika Harerimana Rungwe Mpya, jeneza limepigiliwa, hakuna aliyeonyeshwa. Ndayikunda alikaa kwenye mkeka, tumbo lake sasa linaonekana, na mama yake ubavuni. Siku ya kuondoa matanga wanawake walikuwa wengi, uji unagawiwa. Ndayikunda hakuwa amelia tangu azike. Alimwita mwanawe Niyubahwe, akamkalisha mbele yake, akamshika mashavu.

"Sikiliza. Baba yako alikosa, sawa. Lakini mtu aliyempiga shoka kisogoni kama nyoka ni rubani, anaitwa Lukmani, wa Tanga. Sema jina."

"Lukmani," alisema mtoto.

"Tena."

"Lukmani wa Tanga."

"Ukikua utamtafuta. Niapie."

Maximilla alimwona mjukuu wake akifungua mdomo. Alikuwa amekwisha kujipangia kukaa kimya mpaka kaburini, na hapo mkekani alikuwa na mwanawe wa pekee, na mimba, na nyumba aliyokaribishwa. Angekaa kimya vyote vingebaki vyake. Mtoto angekua na jina la mtu asiye na kosa kinywani.

"Asiape," alisema. "Si Lukmani. Ni mimi."

Wanawake waliacha vijiko. Ndayikunda akageuka taratibu.

"Alikuwa anamchinja mama yako mdogo. Nilimpiga mimi, mwanangu. Mara tatu. Nilijua ni yeye, na nilipiga."

Ndayikunda alimtazama kama mtu anayesubiri sentensi iishe. Halafu akampiga kofi. Mtoto kumpiga mama yake, mbele za watu, msibani; pakasikika mwanamke mmoja akisema Yesu wangu. Akampiga la pili, kisha ngumi, kitambaa cha kichwa kikamtoka Maximilla, pua ikaanza kuvuja. Hakuinua mkono kujikinga. Majirani wakamrukia Ndayikunda, wakamshika mikono, wengine kiuno, wanamwambia mimba, angalia mimba.

"Mwacheni," alisema Maximilla, damu inaingia mdomoni. "Nimesema mwachieni mwanangu, hajamaliza."