Ndama wa Silinda Nne

Jumapili hiyo Kabula alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni mwa zizi lake, anasugua plagi za Suzuki ya mwalimu Salvatory kwa kipande cha msasa, huku akisubiri wenzake watoke kanisani. Alikuwa mjane wa miaka arobaini na kitu, fundi wa zamani wa karakana ya kinu cha pamba, na weusi wa grisi kwenye vidole vyake ulikuwa umeshaishinda sabuni ya mche miaka mingi. Kinu chenyewe kilikuwa kimefungwa. Enzi ya ruksa, ya biashara huria, ilikuwa imeingia Bariadi, pamba inanunuliwa na kila mwenye mizani na lori, na ushirika uliokuwa ukiwalipa mshahara ulibaki na jengo, popo, na ubao wenye maneno ya kale dhidi ya wanyonyaji.

Wenzake walikuwa wawili. Salvatory alifundisha Kiswahili sekondari, na Joakim alikuwa na mashine ya kusaga unga. Wote watatu waliugua ugonjwa mmoja usio na dawa: pikipiki za zamani za mbio. Si zile za kupakia magunia na mbuzi. Ni zile zilizoundwa ili mtu alale kifudifudi juu ya tangi, aende haraka mahali ambapo hana shughuli. Suzuki ya Salvatory ilitoa moshi mwingi kuliko mwendo. Yamaha ya Joakim ilikuwa na mlio uliowatia kuku wa mtaa mzima wasiwasi. Kabula alikuwa na Honda nyekundu ya silinda nne, ambayo mabomba yake manne ya ekzosi yalishuka mbele ya injini, yakapinda yote upande mmoja kama vidole vya mkono, yakaungana kuwa bomba moja. Wenzake walimwonea wivu waziwazi, na yeye alifurahia wivu huo waziwazi.

Honda hiyo zamani ilikuwa ya Masele, bosi wa stoo pale kinuni, wakati ambapo bosi alikuwa bosi. Aliinunua kwa mgeni mmoja mchimba visima, akaitembelea mpaka petroli ikawa haipatikani hata kwa kibali, kisha injini ikakwama na yeye akaitelekeza nyuma ya karakana, kuku wakataga chini yake. Siku kinu kinafungwa Masele aliipiga teke kwenye tairi akamwambia Kabula, "Chuma chakavu hicho. Kichukue, fanya unavyotaka." Salvatory alikuwepo, alikuwa amekuja kuazima spana, akasikia kwa masikio yake.

Kabula aliisukuma mpaka nyumbani Somanda. Misimu kadhaa ya pamba ilipita akiihangaikia. Ruksa ilikuwa na mema yake: vipuri vilivyokuwa ndoto vilianza kuonekana kwenye meza za mitumba Mwanza, na ringi za pistoni zilitoka Nairobi kupitia Sirari zikiwa kwenye mfuko wa shati la kondakta. Aliushusha usukani ukawa wa kulalia. Akabadilisha sproketi ya nyuma, ile inayovutwa na mnyororo. Akakata kiti kirefu kikawa cha mtu mmoja, akakishonea ngozi ya ndama wake aliyekufa kiangazi. Watatu hao walikuwa na sheria moja tu, na waliirudia kila Jumapili ili isisahaulike: aliyeiamsha ndiye mwenyewe.

Siku Honda hiyo ilipoamka, mlio wake wa kwanza ulikuwa ule wa nzige wanaposhuka kwenye shamba la mtama. Kwa hiyo Kabula akaiita Nyanjige, jina la mtoto wa kike aliyezaliwa wakati wa nzige. Hilo, walisema watu baadaye, lilikuwa kosa la kwanza. La pili ni kwamba banda lake lilivuja, akawa anailaza zizini pamoja na ng'ombe wake, na jioni alipokwisha kuwafuta ng'ombe aliifuta na yenyewe, na kiti akakipaka samli ngozi isipasuke.

Sasa, akiwa anasugua plagi, alisikia nyuma yake stendi ya Nyanjige ikijikunja. Aligeuka. Pikipiki ilikuwa imelala ubavu juu ya samadi, tangi linapanda na kushuka. Kabula aliweka msasa chini, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, akaingia kusaidia.

Salvatory na Joakim walipofika, wamevaa nguo za kanisani, ndama alikuwa tayari ametoka. Ilikuwa pikipiki ndogo iliyolowa oili, magurudumu kama visahani vya chai, mabomba yake manne bado laini kama mpira. Ilijaribu kusimama kwenye stendi yake, ikaanguka, ikajaribu tena.

"Imezaa," alisema Salvatory.

"Salama?" aliuliza Joakim.

"Salama," alisema Kabula. "Imetanguliza gurudumu la mbele."

Salvatory alivua koti akachuchumaa kuangalia. Umbo ni la mama, alisema, lakini taa ya namna ile hakuwa nayo mama. Wote wakaitazama Yamaha ya Joakim, ambayo ilishinda zizini humo masika yote ikisubiri gasketi. Joakim aliangalia pembeni, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyesifiwa dume lake mnadani.

Kabula alifungua koki chini ya tangi. Petroli iliyotoka ilikuwa nzito na ya njano. "Dang'a hiyo," alisema, akafunga koki. "Tumwachie mtoto." Baada ya siku chache ilianza kutoka nyepesi na safi, akawa anakamua kidumu kila asubuhi, na walichokamua kiliwatosha wote watatu kwenda Shishiyu na kurudi. Ndama alifuata nyuma akilia sauti nyembamba. Pale Mwamapalala akina mama waliokuwa wakianika mpunga walisimama kuwapisha, wakasalimia mwangaluka, mmoja akamshauri Kabula amwangalie mtoto huyo na kupe.

Kabula alikuwa na furaha. Tangu azike mume wake hakuwa na furaha ya namna hiyo, na hakujali nani anaiona. Akiwa amelala juu ya tangi, upepo wa mbugani unampiga kifuani, hakuwa mjane wa mtu wala kibarua wa kinu kilichokufa. Alikuwa mwenye Nyanjige.

Habari zilimfikia Masele. Yeye hakuangushwa na ruksa; alikuwa sasa mnunuzi wa pamba mwenye malori yake. Alikuja bila hasira, na sukari kilo mbili mkononi, akasalimia Kisukuma kama kwa mama yake.

"Mayu Kabula, mwadila. Nimekuja kumwona ng'ombe wangu."

"Mwadila, bosi. Una ng'ombe hapa kwangu?"

"Huyo hapo," alisema Masele, akionyesha kwa kidevu.

Mambo ya mifugo mtaani yaliamuliwa na mzee Mihayo, mwanangwa, yaani mkuu wa jadi wa mtaa, mtu mpole ambaye hakuwahi kukosea mila hata kwa bahati mbaya. Mila yenyewe kila mtu aliijua. Mtu akikuwekea ng'ombe wake, maziwa ni yako, samadi ni yako, lakini ng'ombe na ndama ni vya mwenyewe, hata ukae naye mpaka mvi. Chuma kinatolewa kwa neno, ng'ombe hatolewi hivyo. Kama Nyanjige ilikuwa chuma, ilikuwa ya Kabula. Kama ni ng'ombe, basi ni wa Masele, na mtoto wake pia.

Kikao kilipangwa Jumapili, na Jumamosi nzima Salvatory alimfundisha Kabula. "Kesho sema *i*," alimwambia. "Inawaka, inaegeshwa, imeharibika. Usiseme *a* hata mara moja. Mnyama ni *a*, chuma ni *i*. Kesi yako yote iko kwenye herufi hiyo." Kabula nyumbani alisema Kisukuma, na Kiswahili chake kilikuwa cha karakana, kinachochanganya vitu vyote na kueleweka. Alifanya mazoezi akikamua.

Wazee walikuja wakasimama zizini. Kwanza waliangalia meno. Kwa kuwa mafundi wote husema sproketi ina meno, waliinamia gurudumu la nyuma, wakayapitishia kidole, wakakubaliana kuwa ni meno mazuri, na huo ni uzao wa kwanza. Salvatory akatoa ushahidi wake wa chuma chakavu.

Masele hakukana. "Nilisema," alisema. "Na nani hapa hajawahi kumwita ng'ombe wake mzoga kwa hasira?"

Wazee walicheka, kwa sababu wote walikuwa wamewahi.

"Mayu," alisema Mihayo, "hapa kwako inalala wapi?"

"Inaegeshwa zizini, mzee. Banda linavuja."

"Inakula?"

"Inawekwa oili."

"Na hiki kidogo?"

"Kimeundwa. Nimekiunda mimi, kwa vipuri."

Mihayo alitikisa kichwa taratibu, akiwaza. Chuma kilichoundwa ni cha aliyekiunda. Hilo nalo lilijulikana. Salvatory alianza kupumua.

Lakini ndama hakuwa amenyonya tangu asubuhi, maana lango lilifungwa kwa ajili ya kikao. Alipenya katikati ya miguu ya wazee, analia sauti ile nyembamba, akielekea kwa mama yake. Utingo wa Masele alimzuia kwa buti, akamsukuma. Ndama aliangukia taa kwenye samadi.

"Mwacheni anyonye!" alisema Kabula.

Salvatory alifumba macho. Ndama aliinuka, akapita, akaingiza mdomo wa tangi lake chini ya koki ya mama, na ikasikika sauti ya kumeza.

"Umesemaje, mayu?" aliuliza Mihayo, kwa upole.

Angeweza kusahihisha. Huku watu huchanganya *i* na *a* kuanzia asubuhi mpaka jioni, na hakuna anayelaumiwa. Kabula aliangalia samadi iliyoganda kwenye kioo cha ile taa ndogo. Mtu anaweza kukana mambo mengi, lakini si mtoto mwenye njaa mbele ya mama yake.

"Nimesema mwacheni anyonye," alisema. "Ana njaa."

Baada ya hapo hapakuwa na la kujadili. Masele alirudisha lori kinyumenyume mpaka langoni. Watu wake walimfunga Nyanjige kamba shingoni, kwenye usukani, na Kabula ilimbidi apande mwenyewe akaifungue, akaifunge kwenye fremu mahali pasipoumia, akaizibe taa kwa gunia vumbi lisiingie. Ndama walimlaza juu ya marobota ya pamba.

"Wewe ni mtunzaji," Mihayo alimwambia, na alikuwa anamaanisha. "Mtunzaji mwema naye hupewa ndama wake, siku moja."

"Siku ipi?" aliuliza Joakim.

"Siku moja," alisema Mihayo.

Kidumu cha asubuhi hiyo kilibaki kwa Kabula, kwa sababu maziwa ni ya mtunzaji. Kila kitu kilifanyika kwa haki na hakuna aliyeweza kulaumiwa. Lori lilipokata kona Kabula aliketi kwenye kigoda chake akalia kwa sauti, na wenzake walikaa naye mpaka kilio kilipoisha.

Ndama aliuzwa Mwanza. Nyanjige naye, kule kwenye godauni la pamba, hakushika mimba wala hakutoa hata tone. Waliinywesha petroli ya kununua ikaitapika kupitia kabureta. Ikakonda mpaka fremu ikahesabika chini ya tangi, kutu ikaota kwenye mabomba, na kiti kikapasuka kwa kukosa samli. Ilipokuwa haiwaki tena kabisa, Masele aliirudisha Somanda, Jumapili, watu wanatoka misa ya pili.

Salvatory aliliona lori akamvuta Kabula kando. "Mwulize kabla hajaishusha," alinong'ona. "Aseme tena ni chuma chakavu. Safari hii tupo mashahidi wawili."

Kabula alisogea hadi kwenye mlango wa dereva. "Bosi, unaniletea nini?"

Masele alitabasamu. Naye alikuwa amejifunza.

"Ng'ombe wangu, mayu. Akae kwako. Akizaa, niite."

Salvatory aligeuka akatazama ukuta. Kabula alisimama pale na mikono yake miwili mitupu. Alijua kila kitu kitakavyokwenda, kama mtu anavyojua njia ya kisimani. Alikuwa na hasira, na hasira hiyo ilikuwa ya haki, na ulimi wake ulikuwa tayari kusema hapana. Kisha Nyanjige, juu ya lori, aligeuza usukani taratibu kuelekea zizini, na taa yake ikawaka kidogo, hafifu, betri ikiwa haina kitu.

Kabula akafungua lango.

Alimsugua kutu. Akashona kiti upya, akakipaka samli, akamlaza mahali pake katikati ya ng'ombe. Kabla mtama haujakomaa mlio wa nzige ulikuwa umerudi, na masika Yamaha ya Joakim ilishinda tena zizini, safari hii ikisubiri kebo ya klachi ambayo Joakim hakuonekana kuitafuta sana.

Jumapili moja, mvua imekatika, Kabula alikuwa akimfuta Nyanjige tumbo, chini ya injini. Injini ilikuwa imezimwa tangu jana na ilikuwa ya moto. Alimwita Salvatory, akamshika mkono akauweka pale. Ndani, kitu kilipiga teke.

"Ina mimba," alisema Salvatory.

"Ana," alisema Kabula.

Joakim aliangalia pembeni. Salvatory alimtazama yeye, akaitazama Yamaha, akacheka kidogo. "Haya tuambiane. Mimba ya nani?"

"Ya Masele," alisema Kabula, akachukua ndoo akaenda kumchotea maji.