Baiskeli Moja Iliyozaa ya Pili

Mume wangu alidhani mimi ni kipofu. Ningemsamehe kama ningekuwa na kazi nyingine, lakini mimi nimetunza stoo ya shule ya bweni miaka kumi na tisa. Naijua sufuria iliyotoka na mfuniko wake ikarudi na mfuniko wa mwenzake. Halafu mtu aniingizie ndani ya nyumba yangu usukani mpya wa kaboni, auegemeze na baiskeli yake sebuleni, karibu na runinga, aniambie kwa macho makavu, "Huu? Si uleule! Nimeufuta tu."

"Umeng'aa kweli," nikamwambia, nikaendelea kukunja nguo.

Yeye ni mwalimu wa udereva. Kutwa nzima amekaa kiti cha abiria, mguu mmoja juu ya breki ya pili, anamwomba Mungu. Hata usingizini anakanyaga. Nina alama kwenye muundi. Alipofikisha miaka hamsini na mbili daktari akamwambia atafute mazoezi, naye akajiunga na kundi la waendesha baiskeli wa Jumamosi. Akanunua baiskeli ya mbio, nyekundu, iliyokwisha kutumika, nzuri tu. Kama angeishia hapo, leo nisingekuwa na la kusimulia.

Hakuishia hapo. Akaanza kubadilisha kitu kimoja kimoja, na alikuwa na akili ya mtoto anayeiba sukari: anachota kidogo, anasawazisha juu. Siti nyeusi ilitoka, ikaingia siti nyeusi nyepesi zaidi. Akakaa wiki mbili kimya. Zikaja breki. Kimya tena. Yakaja magurudumu membamba yanayolia kama nyuki, hayo akasema kayaazima kwa rafiki. Mwezi wa nane akaja na fremu mpya kabisa, nyekundu ileile, akaniambia, "Nimeipaka rangi tu."

Jamani, rangi gani inapunguza kilo tatu? Nilimwona mwenyewe akiinyanyua baiskeli kwa vidole viwili huku akijisemea, akidhani nipo jikoni. Nilikuwa jikoni, ndiyo, lakini mlango ulikuwa wazi.

Vile vya zamani hakuwa na moyo wa kuvitupa. Alivitia kwenye kiroba nyuma ya ndoo za rangi, ndani ya kile chumba kidogo chini ya ngazi. Fremu ya zamani aliifunga blanketi akaipandisha juu ya kabati. Juu ya kabati langu! Nilijifanya hamnazo.

Sasa niseme ukweli wangu, maana mtu anaweza kudhani niliumia kwa matumizi. Hapana. Kilichoniuma ni Jumamosi. Kitinda mimba wetu alikuwa amehamia mji mwingine kwa kazi, nyumba imebaki ukumbi mtupu, na siku pekee ambayo sote wawili hatuna kazi mwenzangu anaondoka alfajiri amevaa nguo za kubana, anarudi saa tano, anakula, ananisimulia jinsi alivyomwacha mwenzake wa kundini, Mfamasia, solemba kilimani, kisha analala mpaka jioni. Nilikuwa nakionea wivu chuma. Siku moja nikamwambia, "Nichukue na mimi."

Akacheka. Si kicheko kibaya, lakini alicheka. "Mama watoto, kile kilima kitakutoa roho. Na kundi halichukui wanaoanza."

Haya. Jumamosi iliyofuata, alipotoka tu, niliingia chini ya ngazi nikakitoa kile kiroba, nikakimwaga sakafuni chumbani kwetu. Nikavipanga vitu kama siku ya ukaguzi wa stoo: magurudumu, usukani, siti, breki, pedali, gia, cheni. Nikainua macho kwenye kabati. Mungu wangu, baiskeli nzima ilikuwa imelala nyumbani kwangu vipande vipande!

Fundi baiskeli wetu anaitwa Spoku, kwa wembamba wake. Ndiye aliyemfungia mume wangu vitu vyote vile. Nilipomshushia mzigo wangu kwenye meza yake aliutazama, akanitazama, macho yakamtoka kama mjusi aliyebanwa na mlango.

"Shemeji," akasema, "mimi siri ya mteja siitoi."

"Sijaja kuulizia siri. Mimi pia ni mteja. Hivi vinahitaji kuungwa."

Akafikiri. Akakuna kichwa kwa bisibisi. Mwisho akacheka mpaka akakaa chini, akanipima mguu kwa futi ya kamba. Nilikuwa nimepania kununua magurudumu mepesi kama ya mwenzangu, Spoku akanikatalia katakata. "Wepesi ni ugonjwa, shemeji, uachie wenye nao. Wewe nunua gia kubwa ya nyuma, yenye meno mengi, ya kupandia. Na siti ya kike. Usipoibadilisha hiyo siti utanichukia mimi na ukoo wangu." Hivyo viwili ndivyo nilivyonunua, na kofia ngumu, na kaptula yenye sponji ambayo niliivaa mara ya kwanza nikajihisi nimefunga nepi.

Kwa miezi minne baiskeli yangu ililala kwenye stoo ya shule nyuma ya magunia ya unga, na kule juu ya kabati likabaki blanketi nililolifunga mito. Kila jioni wanafunzi wakiingia madarasani, mimi nazunguka uwanja. Nilianguka mara tatu. Mara ya pili mpishi mkuu ndiye aliyeniokota, akaapa hatasema, na mpaka leo hajasema ila kwa watu wote anaowafahamu. Baadaye nikatoka barabarani. Nikaanza kusikia ule upepo masikioni, cheni ikinong'ona chini yangu, na siku moja nikajikuta naimba peke yangu kama mlevi. Ndipo nilipomwelewa mume wangu, na nikazidi kumkasirikia kwa kunificha utamu ule.

Lakini kulikuwa na sheria. Spoku ndiye aliyenieleza. Kundi lile huchukua mgeni kwa njia moja tu: mwanachama amdhamini, yaani apande naye kilima kirefu akiwa nyuma yake muda wote, kutoka tangi la maji mpaka mnara wa simu juu. Mgeni akigusa ardhi kwa mguu hata mara moja, arudi mwakani. Na mdhamini haruhusiwi kumpita, kumsukuma wala kumpa hata maji.

Jumamosi niliyoichagua, nilimwacha atangulie. Wao hukutana kituo cha mafuta, saa kumi na mbili kasorobo. Nilipoingia pale, watu kama kumi wamesimama wanajaza upepo. Mume wangu alikuwa ananywa maji. Yalimrudi puani.

Hakuniangalia mimi kwanza. Aliangalia baiskeli. Macho yalitembea taratibu kutoka usukani, yakashuka kwenye breki, yakaenda magurudumu, yakarudi kwenye fremu, pale penye mkwaruzo aliouweka yeye mwenyewe kwenye geti letu.

Mfamasia, mtu wa maneno mengi, akasema, "Mzee, mbona hii kama baiskeli yako ya zamani?"

Nilisubiri. Naapa nilikuwa naisubiri dakika ile kwa miezi minne. Akisema ndiyo, basi aliyoikalia ni ipi?

"Ya zamani ndiyo hii," akasema, akipapasa fremu yake. "Niliipaka rangi."

"Zinafanana," nikasema mimi. "Habari za asubuhi, baba watoto."

Mwenyekiti wao ni mkunga wa hospitali, mama mfupi mwenye sauti ya kuamsha wodi. Akauliza nani ananidhamini. Watu wakainamia pampu zao. Nilijua Jumamosi ile mume wangu alipania kumshinda Mfamasia kwa magurudumu yake ya kuazima, maana alilizungumza wiki nzima. Nami nilikuwa nimejiapiza kwamba sitamtisha kwa siri yake. Akinikataa mbele za watu, ninageuza baiskeli narudi nyumbani, na nitajua nimekaa na mtu gani.

"Mimi," akasema. Akasema kwa sauti ndogo, lakini akasema.

Basi tukaenda. Barabara tambarare niliimudu vizuri, hata nikaanza kuvimba kichwa. Kisha tukalifikia tangi la maji, wenzetu wakapanda wakapotelea kwenye kona, tukabaki sisi wawili, mimi mbele, yeye nyuma.

Kile kilima hakina adabu. Kona ya kwanza nilimaliza gia zote za Spoku. Ya pili pumzi ikawa juu juu, mapaja yanawaka, jasho linaingia machoni. Kutoka juu nilisikia Mkunga akinipigia kelele, "Sukuma, mama! Usikaze shingo! Pumua, sukuma!" Ningecheka kama ningekuwa na pumzi. Kwenye kona ya tatu baiskeli ikaanza kuyumba. Nikaona mguu wangu wa kulia unataka kutoka kwenye pedali wenyewe, bila kuniuliza. Nikawaza: mwakani. Basi, mwakani.

"Haya magurudumu," sauti ikasema nyuma yangu, "sikuyaazima."

Nikakanyaga.

"Nilinunua. Na fremu pia. Sikuipaka rangi."

"Unadhani sijui?" nilisema, neno moja kwa kila mzunguko.

"Najua unajua. Lakini hili hulijui. Unakumbuka siku mama yako alipokuja kututembelea, nikapiga simu nikasema gari la mafunzo limeharibika?"

Nikakumbuka. Mama yangu alikaa na sahani yake mpaka chakula kikapoa, akikataa kula kabla ya mkwewe.

"Nilikuwa kwa Spoku. Nafungiwa gia."

Ewe Mola! Sikujua kama bado nina nguvu. Zilitoka wapi sijui, zilipanda kutoka visigino. Nilimtukana matusi yote niliyowahi kuyasikia jikoni kwa wapishi, na kila tusi lilikuwa hatua moja ya barabara. Kona ya tatu ikapita. Ya nne ikapita. Nilikuwa nataka kufika juu upesi, nitie baiskeli chini, nimkabe.

"Na lingine," akasema. Safari hii sauti haikuwa na mchezo. Nilisikia naye pumzi zinamkata, kumbe anahema kuliko mimi. "Mfamasia sijawahi kumwacha. Sijawahi kumwacha mtu yeyote. Kila Jumamosi mimi ndiye wa mwisho, wananisubiri pale mnarani, wananipigia makofi kama mtoto. Nilisema nikinunua hiki nitafika, nikinunua kile nitafika. Sikutaka uje uone."

Hapo hasira iliniishia yote, na ilikuwa ndiyo petroli yangu. Nilitaka kugeuka nimtazame lakini ningeanguka. Mwanamume mzima, amenisimulia ushindi wa uongo mwaka mzima huku nikimpakulia chakula. Nilisikia huruma, nikasikia na kicheko, vyote viwili vikanibana kifuani pamoja na pumzi. Mnara ulikuwa mbele, hatua mia labda. Nikakaza meno nikahesabu mizunguko kama ninavyohesabu vijiko, kumi, kumi, kumi tena, mpaka barabara ikalala.

Mguu haukugusa ardhi. Mkunga alinidaka mimi na baiskeli kwa pamoja, wakapiga makofi, mtu akanimwagia maji kichwani. Nilikuwa nalia na kucheka, kamasi zinanitoka, sijali.

Mume wangu akafika akasimama pembeni. Uso umemparara. Aliinama akajifanya anakagua breki.

"Mzee!" Mfamasia akapaza sauti. "Leo tena wa mwisho? Na magurudumu yote hayo?"

Kundi zima likamgeukia. Uongo wote ule aliokuwa nao nyumbani, pale haukumjia hata mmoja.

"Wa mwisho nini?" nikasema mimi, na pumzi bado haijarudi. "Mtu mmejionea anapanda na breki mkononi kwa ajili yangu! Pale kona ya tatu nilimwomba aniache aende zake, akakataa. Angetaka, angekuwa hapa juu mbele yenu wote."

"Lo!" Mkunga akasema. "Na hizo pumzi zinazomtoka?"

"Alikuwa ananihutubia njia nzima. Ujaribu wewe kupanda hapa huku unahutubia."

Mfamasia akamtazama mume wangu kwa macho mengine, akamgonga bega. Wakaanza kuvaa glavu, wakapanda baiskeli, mmoja mmoja wakaanza kuteremka upande wa pili. Mume wangu akanisogelea. Akaniangalia kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma alama ya barabarani asiyoijua.

"Pale konani ulikuwa unazima kama gari," akasema. "Ilibidi nikuwashe."

"La mama yangu tutalimaliza nyumbani."

"Sawa." Akapangusa uso. "Kumbe wewe ni mwongo kiasi hiki?"

"Nimekaa na wewe miaka ishirini na sita," nikamwambia. "Shuka, tunaachwa."