Konzi Moja ya Kisilu

Kaka yangu Kisilu alifukuzwa kanisani kwa sababu ya kuuliza maswali, na aliyemfukuza ni mume wangu. Sasa niambie, mimi ningesimama upande gani? Nilisimama jikoni. Kila Jumamosi alasiri wawili hao waliketi kwenye kivuli cha ghala letu wakishindana juu ya Mungu, nami nachagua ndengu mlangoni, masikio yote kwao.

Hapo ni Kasikeu, mwaka wa sabini na saba. Mume wangu, Jonah, alikuwa mchungaji, na nyumba tuliyoishi ilikuwa mali ya kanisa. Kisilu alikuwa amerudi kutoka mashamba ya katani, ambako mashine ilimla kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto. Alirudi na vitu viwili tu: kifua kibovu, na Maandiko aliyoyapigia mistari kwa penseli karibu kila ukurasa.

"Shemeji," alikuwa akianza, "Yesu mwenyewe alisema Baba ni mkuu kuliko yeye. Wewe unawafanya sawa kwa ruhusa ya nani?"

"Alisema hayo akiwa katika mwili. Tomaso alipomwita Mungu, mbona hakumkataza?"

"Haya. Na alipofufuka, si alisema anapanda kwenda kwa Mungu wake? Mungu naye ana Mungu wake? Na ile siku ya mwisho, si alisema hata Mwana haijui, anayeijua ni Baba peke yake? Kama ni mmoja, huyu atajua aje na yule asijue?"

Jonah alikuwa na majibu, nisimwonee. Alikuwa na mwanzo wa Yohana, na yale maagizo ya kubatiza kwa Baba na Mwana na Roho. Kisilu akamuuliza kwa nini basi mitume walibatiza kwa jina la Yesu tu. Siku moja Jonah alishika ule mstari wa mashahidi watatu wa mbinguni walio mmoja, katika waraka wa Yohana, akadhani amemaliza maneno. Kisilu alitoa mfukoni vitabu viwili vya Maandiko vya Kiingereza alivyoazima, cha zamani na kipya. Katika cha zamani mstari ulikuwapo. Katika kipya haukuwapo.

"Nani aliuweka, shemeji?"

Jonah aliutazama ule ukurasa mpaka chai yake ikapoa. Mume wangu hakuwa mtu wa kuacha chai ipoe.

Mwezi wa nane kifua kilimshinda Kisilu. Tulimkuta kitandani, amebaki macho tu. Nilikuwa nimeshika bakuli la uji alipomvuta Jonah mkono.

"Nikiwekwa chini," alisema, "unitupie konzi moja ya udongo. Moja tu, kwa jina la Mungu aliye mmoja. Usinitupie tatu. Niapie."

Kwetu mchungaji humtupia maiti udongo mara tatu, kila konzi na jina lake: Baba, Mwana, Roho Mtakatifu. Jonah akaweka mkono juu ya yale Maandiko yenye penseli, akaapa. Kisilu alinigeukia akaniita kwa Kikamba, "Mwiitu wa mwaitu," yaani binti ya mama yangu. "Umesikia. Wewe ni shahidi." Alikufa siku ya pili.

Siku ya mazishi wazee wa kanisa walikuja wote, na Mzee Mbuvi, mwenyekiti wao, akasimama kwenye ukingo wa kaburi amekunja mikono. Alikuwa ameshasema sokoni kwamba mchungaji anaambukizwa na shemeji yake. Jonah angetupa moja, Jumapili ijayo tungekuwa barabarani na vyombo vyetu. Hilo nililijua. Lakini kiapo ni kiapo, na aliyelala mle ndani ni kaka yangu.

Jonah aliinama, akatupa konzi ya kwanza. "Kwa jina la Baba," akasema, akanyamaza. Watu walingoja. Mbuvi akakohoa. Jonah alinitazama mara moja, haraka, kisha akainama tena. Ya pili. Ya tatu. Kila udongo ulipogonga lile sanduku nilisikia kama unanigonga mimi kifuani.

Kesho yake alfajiri nilichukua ufagio nikafungua mlango. Juu ya kizingiti palikuwa na mabonge mawili ya udongo mwekundu, yaliyofinywa kama tonge la ugali. Mvua ilikuwa haijanyesha tangu mwezi wa tano, uwanja mzima ni vumbi, lakini mabonge yale yalikuwa na unyevu, tena baridi, kama udongo wa shimoni chini kabisa. Nikainama. Alama za vidole zilikuwa wazi. Mkono wa kushoto. Kidole cha mwisho hakikuwapo.

Nilimwita Jonah.

"Ni mchwa," alisema.

"Mchwa gani ana vidole, Baba Mutindi?"

Alileta ndoo, akayatia humo. Kesho yake yalikuwapo tena, mawili. Na kesho kutwa. Jumapili tulifungua kanisa kwa ufunguo uliolala mfukoni mwake usiku kucha, tukayakuta kwenye mimbari, juu ya Kitabu kilichofunguliwa. Jonah aliyatia mfukoni mwa koti upesi, akahubiri juu ya Nuhu, na muda wote niliona maji mekundu yakilowesha kitambaa.

"Amezirudisha," nilimwambia tulipofika nyumbani. "Moja ameichukua, mbili hazitaki. Nenda ukamtengenezee mambo yake."

"Watu wataniona."

"Mimi je, nimekuona. Kisilu je?"

Alivumilia wiki mbili, mwili unamwisha. Basi Jumatano moja, adhuhuri, wote wakiwa sokoni, tulikwenda kaburini sisi wawili. Jua lilikuwa la utosi na hakukuwa na hata ndege wa kulia. Jonah alipiga magoti. "Shemeji, nilikosa," alisema. "Ni moja." Yale mabonge tuliyokuwa tumeyakusanya kwenye ndoo tulikwenda kuyamwaga mbali, korongoni. Kuanzia siku hiyo kizingiti changu kilikuwa safi.

Nilidhani yameisha. Jonah aliendelea na Baba, Mwana na Roho kila Jumapili, sauti juu, Mbuvi akiitikia amina. Yale Maandiko ya Kisilu tuliyarithi. Mara kwa mara nilimkuta Jonah chumbani ameyafungua, na nikiingia anayasukuma chini ya mto. Nilimuuliza anatafuta nini. "Natafuta makosa yake," alisema. Nikamwamini. Miaka kumi na sita nilimwamini.

Mwaka wa tisini na tatu ikawa zamu yake. Wazee walijaa chumbani wakiomba, Mbuvi ameketi karibu na mto. Niliinama nikamnong'oneza, "Baba Mutindi, wewe tukutupie ngapi?"

Macho yake yalimwendea Mbuvi, yakarudi kwangu. "Tatu," alisema. "Kama kawaida."

Akapewa tatu. Wachungaji walitoka hata mji wa Salama kuja kumzika, waimbaji wakaimba mpaka sauti zikakauka, nami nikalala usingizi mzito wa mtu aliyemaliza kazi.

Asubuhi nilichukua ufagio nikafungua mlango.

Yalikuwa mawili. Yenye unyevu, baridi. Mkono wa kulia huu, kiganja kipana, na kidole cha shahada kimepinda pale plau ya ng'ombe ilipomkanyaga akiwa kijana. Mkono huo ulikuwa umenishika miaka thelathini na moja.

Sikuogopa. Niliketi kizingitini nikalia kwa hasira. Mbuvi ulimwogopa, sawa. Nyumba uliiogopa, sawa. Lakini mimi? Tulilala kitanda kimoja, nikakuuliza kwa mdomo wangu, ukashindwa kuniambia hata mimi! Nilikutukana, Jonah, Mungu anisamehe, nilikutukana mpaka jua likatoka.

Kisha nikavaa viatu. Ilikuwa siku ya soko. Sikungoja watu wapungue, na sikutafuta ndoo. Nilibeba yale mabonge mikononi, moja huku na moja huku, wazi, maji mekundu yakinichuruzika hadi kwenye viwiko, nikapita katikati ya soko saa nne asubuhi. Wanawake wa ndengu waliacha kupima. Mbuvi alikuwa ameketi mbele ya duka lake, mzee sasa, fimbo mkononi.

"Mama Mchungaji," aliniita, "umebeba nini hiyo?"

Nilisimama mbele yake ili kila mtu asikie.

"Ni zenu," nilisema. "Jonah amechukua moja."

Nikayaweka miguuni pake, nikaenda kaburini kumwambia mume wangu kwamba sasa watu wanajua.