Majiwe Yaliyokwenda Goma

Shirika lililokuwa likitufundisha kustahimili mambo magumu liliondoka kijijini kwetu Kalembe ndani ya dakika ishirini. Risasi zililia mbali, upande wa bonde, na walimu wetu wa ustahimilivu wakajaa katika magari mawili, magoti mdomoni. Walisahau bango lao, viti vya plastiki, na kompyuta kumi na moja zilizokufa zamani.

Komite ya kituo cha afya ikazirithi. Papa Nzabandora, prezida wa komite, aliandika waraka wa kuzipokea, akaupiga mhuri mara mbili, kisha akazipanga ofisini kwake kama mafuvu ya wanyama aliowawinda. Zilikaa hapo mwaka mzima bila hata moja kuwaka, lakini kila mgeni aliyeingia aliona kwamba maendeleo yamefika.

Wivine, mkunga wetu, ndiye aliyenifuata. Mimi natengeneza simu na redio kwenye baraza la duka la Mama Kavira, na asubuhi hiyo nilikuwa nimeinamia redio ya katekista.

"Kaka Tuyizere, mu zile masini za Papa Prezida muko majiwe?"

"Muko, dada. Sita mu kila moya."

"Inaweza kuwasha lampe?"

"Kama haikukufa yote."

"Basi uitoe. Nimechoka kuzalisha batu na telefone katika meno."

Hakuwa anatania. Kompyuta zilikuja pamoja na paneli ya jua kwa ajili ya chumba cha kuzalia, ila Papa Nzabandora aliihamishia nyumbani kwake "kwa usalama", na huko ikawa salama sana. Kwenye paa la chumba cha kuzalia ilibaki paneli ndogo ya zamani yenye kioo kilichopasuka. Hakuna aliyeitaka, kwa hiyo haikuibwa. Wivine alikuwa akibana simu yenye tochi katikati ya meno na kushona akina mama kwa mikono miwili. Mwezi uliotangulia simu ililia mdomoni mwake wakati sindano imo katika nyama, na mwanamume fulani kutoka Mpofi akataka kujua bei ya maharage.

Wivine akaenda kwa prezida, akarudi na ruhusa na kompyuta zote kumi na moja. Ruhusa ilikuwa na mhuri.

Majiwe ni jina letu la betri ndogo, tangu enzi za redio za babu. Ukipasua betri ya kompyuta unakuta majiwe sita, kila moja likikaribia unene wa kidole gumba, yamelala ubavu kwa ubavu. Watu wanadhani betri ikifa yamekufa yote sita. Mara nyingi yaliyokufa ni mawili, na manne mazima yanatupwa jalalani kwa kosa la majirani zao.

Nilipasua siku mbili. Nilipata majiwe sitini na sita. Kumi na tisa kipimo kiliyakuta chini ya volti mbili, nikayatenga. Hayo hayafufuki, na anayejaribu kuyafufua hutafuta moto. Yaliyobaki nikayachaji kidogo kidogo huku nikiyapapasa kama mama anayepapasa paji la uso la mtoto. Sita yalipata homa. Nikayatumbukiza katika maji ya chumvi yaishie huko. Yakabaki arobaini na moja, na yote yalinionyesha volti nne nukta mbili, nyuso zinang'aa, kama wagombea siku ya kwanza ya kampeni.

Hapa ndipo fundi wa kuungaunga anapoyafunga pamoja, anachukua chake na kukimbia. Jiwe bovu lina ujanja mmoja tu, lakini unatosha: siku ya kuchajiwa linasema maneno yaleyale ya jiwe zima. Liache juu ya meza bila kazi yoyote, na litaanza kuvuja ndani kwa ndani. Lifunge pamoja na mazima, litayanyonya mpaka yafanane nalo. Kwa hiyo niliandika volti za kila jiwe mgongoni mwake kwa kalamu ya wino, nikayapanga juu ya ubao, na nikasubiri. Siku kumi.

Mama Kavira alitoka Butembo na maduka mawili na ulimi mmoja wenye thamani kuliko maduka yote. Alikuja kila asubuhi kuukagua ubao wangu.

"Tuyizere, ngombe zako zimelala muzuri?"

"Zimelala, Mama Kavira."

"Kule Kirolirwe batu banachunga ngombe, banakunywa maziwa. Weye unachunga majiwe, utakunywa nini?"

Wateja wakacheka. Niliwaacha wacheke. Kipimo changu hakichekelei mtu.

Siku ya nne Papa Nzabandora alifika mwenyewe, amevaa koti, na koti lake halivaliwi bure.

"Mutoto wangu, Mheshimiwa anakuya kesho."

"Mheshimiwa gani?"

"Deputé wetu mu bunge! Anakuya kufungula mwangaza wa maternite ya banamama. Banderole yenye yina lake imekwisha kuchapwa mu imprimerie. Betri iko wapi?"

"Inalala, Papa Prezida. Imebakiza siku sita."

Akaangalia ubao, kisha akaniangalia mimi, kama anayetafuta kujua ni kipi kati yetu kimeharibika.

"Inawaka ao haiwaki?"

"Inawaka. Lakini sijajua itawaka siku ngapi."

"Mheshimiwa atakaa dakika makumi tatu," akasema kwa upole wa mtu anayemfundisha mjinga hesabu. "Inaweza kuwaka dakika makumi tatu?"

"Hata iliyokufa inaweza."

"Sasa unasumbuka nini? Kesho saa ine nataka kisanduku. Yote. Usibakize kitu, ile masini ni mali ya komite. Na yina lako litakuwa juu yake. Litasomwa."

Akaondoka. Sitaki kudanganya: lile neno *litasomwa* lilinipita mwilini kama pombe. Halafu nikaliona jambo lote hadi mwisho wake. Ningefunga majiwe mazima na mabovu pamoja, Mheshimiwa angepigwa picha, na baada ya wiki mbili taa ingezimika huku Wivine akiwa na kichwa cha mtoto mkononi. Halafu komite ingesema vijana wa hapa hawajui kazi. Na majiwe mazima yangekuwa yameshanyonywa. Kompyuta nyingine hatuna, labda tusubiri shirika jingine lije likimbie.

Nikaenda kumwambia Wivine. Alikuwa anaanika shuka.

"Sitaifunga," nikasema. "Afadhali niivunje kwa nyundo. Sitaweka jina langu juu ya uchafu."

"Yina lako," akasema. "Hiyo njo inakuuma?"

"Lingekuuma na wewe."

"Miye inaniuma meno." Akabana pini ya nguo kwenye kamba. "Mu siku hizi ine, iko majiwe yenye imekwisha kuanguka?"

"Kumi na tano yameshapoteza volti."

"Ukiichaji leo, itawaka kesho?"

"Itawaka."

"Papa Prezida anajua hesabu ya majiwe yenye ilikuwa mule ndani?"

 Papa Nzabandora alijua kuhesabu kompyuta. Ndani ya kompyuta, kwake, mlikuwa na Ulaya.

"Basi umupe yake ya kupiga foto," akasema Wivine. "Nzuri ikwende kulala kwangu, imalize siku zake. Kule mwanaume haingiaki."

Hilo lilikuwa kweli kuliko mhuri wowote. Kalembe nzima hakuna mwanamume anayevuka kizingiti cha chumba cha kuzalia. Hata Papa Nzabandora, ambaye huingia mpaka jikoni mwa watu, pale husimama mbali na kukohoa.

"Na jina langu?" nikauliza.

"Litakwenda na ile ya foto," akasema, akachukua beseni lake.

Usiku ule sikuomba ushauri kwa mtu; majiwe ishirini na sita yaliyobaki nikampelekea Wivine. Asubuhi kisanduku kilikuwa tayari: majiwe kumi na tano mabovu, yameshiba umeme kwa siku moja, ndani ya mbao zilizopakwa rangi ya buluu. Papa Nzabandora akabandika karatasi mbele ya kisanduku. Jina la Mheshimiwa lilikuwa na herufi za ukubwa wa kiganja. Chini kabisa, karibu na msumari: *Fundi: Tuyizere*.

Mheshimiwa alifika saa nane badala ya saa nne. Akahutubia saa nzima juu ya giza, akilipinga kwa nguvu zote. Kisha akabonyeza swichi, uani, chini ya jua kali, na balbu ikawaka. Kama ilivyo kawaida ya balbu mchana, hakuna aliyeona kitu, na wote wakapiga makofi. Jina langu likasomwa. Mama yangu alikuwa katika kundi, akapiga vigelegele.

Hapo damu ikanipanda, nikajikuta nimeshika kipaza sauti.

"Mheshimiwa, lazima niseme ukweli. Hii betri si kitu. Majiwe yake ni mabaya. Haitamaliza wiki mbili."

 Halafu Mheshimiwa akatabasamu, akaniwekea mkono begani.

"Munaona? Kijana muenye akili, na hana kiburi! Hivi njo tunataka vijana!"

Makofi yakawa makubwa kuliko ya mwanzo.

"Hii kitu," Mheshimiwa akaendelea, "haiwezi kubaki huku porini. Nitakwenda nayo Goma, niionyeshe bapartenere benye kutoa feza. Maternite yenu nitailetea ingine, kubwa!"

Wivine ndiye aliyeanza kumshangilia. Kisanduku cha buluu kikaingia kwenye gari, kikafungwa mkanda wa kiti kama mtoto wa tajiri. Hiyo ingine kubwa, mpaka leo tunaisubiri.

Siku ya kumi nilikwenda nyuma ya kituo na kipimo. Wivine akanitolea majiwe ishirini na sita kupitia dirishani, juu ya sinia. Mawili yalikuwa yameanguka. Ishirini na manne yalisimama palepale nilipoyaacha, hayakupoteza hata nukta ya kuwapa watu cha kusema. Niliyafunga nane nane, mafungu matatu, nikaweka kibao cha ulinzi, kile kinachozuia betri isishibe kupita kiasi, kutoka katika kompyuta moja, nikafungia yote ndani ya kopo la mafuta ya kupikia. Wivine akavuta waya wa paneli iliyopasuka. Akaziba dirisha kwa kitenge kizito, mwanga wa taa usionekane nje. Jioni hiyohiyo akazalisha mapacha, mdomo wake ukiwa huru, na nasikia alitumia uhuru huo kumtukana baba yao kwa kukawia kuleta maji.

Akina mama wote walijua. Akina baba hakuna. Wivine aliwaambia wanawake neno moja tu: likisikika ofisini, kopo litahama "kwa usalama". Hawakuhitaji maelezo. Kila mmoja alijua njia ya kwenda kwenye paneli ile nyingine.

Wiki ya tatu Mama Kavira aliniita ndani ya duka, simu mkononi, machozi ya kicheko mashavuni.

"Tuyizere, kuya uone ngombe yako!"

Ilikuwa video. Ukumbi mkubwa huko Goma, wageni wenye kadi shingoni, kisanduku cha buluu mezani. Mheshimiwa anabonyeza. Hakuna kitu. Anabonyeza tena. Anakipiga kofi. Mwishoni anasoma yale maandishi madogo ya chini, polepole, kwa sauti: "Fundi... Tuyizere... wa Kalembe." Ukumbi unacheka. Video ilikuwa imefika Walikale kabla ya kunifikia mimi.

Kuanzia hapo taa ikikataa kuwaka Masisi yote, imekuwa "ya Tuyizere". Wateja wangu wakapungua nusu. Katekista akaja kuchukua redio yake ambayo nilikuwa nimeshaitengeneza, akaijaribu mbele yangu mara tatu. Nami nilikuwa na jibu hatua mia mbili kutoka pale, ndani ya kopo la mafuta, na sikuweza kulitoa.

Mwezi uliofuata Mheshimiwa akatuletea msaada: mafunzo ya siku moja, "Vijana na Betri". Mwalimu alikuwa Archange, kijana wa mjini mwenye viatu vyeupe. Papa Nzabandora aliniweka mstari wa mbele, niwe mfano. Archange akachukua jiwe moja, akaligusisha kibalbu, kikawaka.

"Inawaka? Basi iko muzima. Munaona? Si kazi ya uchawi."

Watu wakaandika. Nikang'ata ulimi mpaka nikasikia chumvi.

"Sasa huyu ndugu yetu," Archange akasema, akinionyesha kwa kalamu, "betri yake yote tuliiona mu telefone. Ndugu, utuambie. Ulikosea wapi?"

Chumba kikapasuka kwa kicheko. Mlangoni alisimama Mama Nyiransengimana, aliyeletwa kutupikia, sufuria ya maharage mikononi, na mgongoni mtoto wa siku tisa. Niliujua umri wake. Alizaliwa usiku, miguu ikitangulia, na Wivine alinieleza kwamba kwa tochi ya mdomoni asingemwona.

Mama Nyiransengimana hakucheka. Aliweka sufuria chini kwa kishindo.

"Muache kumucheka huyu mutoto! Hamujue kitu, nyiye. Betri yake njo yenye..."

Papa Nzabandora akageuka, masikio yamesimama.

"Nilikuwa na haraka!" nikapaza sauti, nikasimama. "Mwalimu, nilikosea kwa haraka. Sikupima. Nilitaka jina langu lisomwe."

Mama Nyiransengimana akaniangalia mdomo wazi. Nikamwangalia. Akaufunga, akainama, akaanza kupakua maharage.

"Bravo," Archange akasema. "Kukubali makosa njo mwanzo wa akili." Akageukia ubao, akaandika kwa herufi kubwa: KUEPUKA HARAKA. "Wote muandike."

Papa Nzabandora akatikisa kichwa kwa kuridhika, kama aliyekuwa akinieleza hivyo tangu siku ya kwanza. Nikafungua daftari, nikaandika. Kalamu ilitoboa karatasi mara mbili.