Karatasi Iliyokaa Siku Nne

Mjukuu wangu anafanya kazi maabara. Alikuja akafunga mashine ndogo juu ya paa letu, mkabala na kiwanda cha kuchemsha lami, ili kupima sumu ya moshi wake. Mashine inavuta hewa, masizi yanabaki kwenye karatasi nyeupe.

"Bibi, kesho asubuhi uitoe, uifunge kwenye foili, uiweke kwenye friji. Nitaifuata siku ya nne."

Wifi yangu, ambaye nakaa naye tangu kaka yake anifie, alikuwa kitandani, kifua kikipiga filimbi.

"Wakifunga kiwanda kile nitapumua kama binti."

"Binti gani, kikongwe wewe?"

"Kikongwe ni wewe. Mimi nimechelewa tu kuolewa."

Asubuhi nikapanda ngazi. Karatasi ilikuwa ya kijivu tu. Niliona aibu kumpa mtoto ushahidi hafifu vile, nikaiacha mashine iendelee. Siku ya nne karatasi ilikuwa nyeusi tititi. Nikaifunga vizuri, nimeridhika.

Wiki tatu baadaye tuliitwa ofisi ya mazingira. Ofisa alikuwa na adabu; alinipisha kiti chake.

"Mama, sumu ya lami tumeikuta, ila haifiki kiwango. Kiwanda kitaendelea. Kupima tena ni mwakani."

Nje, mjukuu wangu aliniuliza polepole, "Bibi, uliitoa lini?"

Nikamwambia. Alinishika mkono, tukavuka barabara kwanza.

"Ile sumu haitulii juu ya masizi, Bibi. Hewa chafu ya magari ikizidi kupita juu yake, inaila na kuigeuza kitu kingine. Siku nne, imeisha karibu yote."

"Hicho kingine hakidhuru?"

"Huenda kinadhuru zaidi. Lakini sheria haikitaji, na hawakukipima."

Hakunilaumu. Baadaye niliona nakala ya ripoti: kwenye nafasi ya makosa aliandika jina lake.

Nyumbani Wifi alikuwa ameketi, ananisubiri.

"Wamesemaje?"

"Wanasema hewa haina neno."

Akacheka, kikohozi kikamkata. Nilimshika mgongo mpaka kikapita, ndipo nikamwambia kwamba ni mimi niliyeiacha karatasi juu.

Alipumua mara nne, tano.

"Mwakani," alisema, "apande mtoto mwenyewe. Kama nitakuwepo."

Nilingoja atanie. Hakutania. Nikafunga dirisha la upande wa kiwanda, joto lote lile.