Mkono wa Honorine

...basi na iwe bukoma kama ni bukoma, waseme tu, Honorine aliwaza, mkono wake wa kuume umelazwa juu ya meza ya daktari kama kitu cha mtu mwingine, na yule Mzungu akakigonga tena kifundo cha mkono kwa kidole, cheche zikakimbilia vidoleni, zile zile zinazomwamsha usiku akaukung'uta mkono kando ya kitanda na mumewe Godefroid akageukia ukutani, Godefroid ambaye zamani... ah, zamani, na daktari akasema Kifaransa kirefu, na muuguzi Adalbert akakigeuza kuwa Kiswahili, "Mama, shukuru Mungu, haiko bukoma, ni musipa tu inabanwa hapa," haiko bukoma, neno lile aliliombea novena nzima, siku tisa za sala, na sasa limekuja na moyo haukuruka, kwa maana nani atalipeleka nyumbani likaaminiwa, mtaa wote wa Kamalondo unajua kwamba pale anapopiga pasi nguo za mapadri alishika chuma cha moto asisikie mpaka nyama ikanuka, na siku ile ile mama mkwe wake, Mama Chanda, alimtengea bukari yake ya unga wa mahindi kwenye sahani ya peke yake, "Tunaogopea batoto, mwanangu," alisema kwa upole, na upole ule ndio uliomuua... "upumuzike myezi mingi, usipige pasi, usifue, usitwange," Adalbert aliendelea, atwangiwe na nani, "ao ufunge mukono kwenye kibao usiku," kibao, wamwone amefungwa kama kuku wa kupelekwa sokoni, "ao sindano, lakini ile dawa haiyafika huku kwetu," na mganga Kasonde alikwisha kumchanja kwa wembe akasugua majivu, na makovu yale ndiyo yaliyomaliza ubishi wa majirani, ni bukoma hiyo, "ao kisu, banapasula kidogo, musipa inapumua, lakini docteur anasema umechelewa, maumivu itaisha, kusikia kwa vidole pengine hakutarudi," pengine, na binti yake Martine anasukwa na jirani sasa, juzi yeye mama mtu alimwita, njoo nikusuke, mtoto akarudi nyuma, "Mama, acha, mukono yako...", na yeye akauficha ndani ya kitenge akacheka, alicheka kweli, ili mtoto asiogope... "Mama, unakubali kisu?" aliuliza Adalbert, na ili amwoneshe daktari kiganja vizuri akavuta kwanza pindo la koti lake jeupe, akafunika nalo vidole vyake mwenyewe, ndipo akaugeuza mkono kwa kitambaa kile, yeye aliyesema sasa hivi kwa kinywa chake kwamba haiko bukoma, na Honorine aliona, na kitu ndani yake kilichokuwa kimesimama miezi yote kikisubiri jibu kikakaa chini, wapasue, wasipasue, hakuna atakayeushika, "Mama?" alisema Adalbert, daktari akatazama saa yake, na mkono ulikuwa bado pale mezani, kiganja juu.